Mnyoo wa milimita moja na ulizo la mwanafunzi wangu kuhusu uzee

MwalimuKatuba

Jambo kwenu nyote wa Lubumbashi, na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali.

Ninafundisha biolojia kwenye shule moja ya sekondari hapa Katuba. Juma lililopita msichana wa mwaka wa nne alisimama akaniuliza: "Mwalimu, mbwa wetu ana miaka 12, haoni vizuri, akiamka anajikokota. Bibi yangu ana miaka 72 na bado analima. Wote wana damu, nyama na mifupa. Kwa nini mbwa amezeeka upesi hivyo?"

Nikampa jibu nililopewa mimi nikiwa mwanafunzi: mwili ni kama gari, kadiri unavyotumika ndivyo unavyochakaa. Akafikiri kidogo, akasema: "Lakini mwalimu, bibi ametembea barabara ndefu kuliko mbwa." Nikamwomba anipe siku chache.

Siku hizo nimezitumia kusoma, usiku umeme unaporudi, na niliyoyakuta nimeona nisiyafungie darasani. Kuna watu waliolichukua ulizo hilo hilo wakampelekea mnyoo, na mnyoo akawajibu.

Nianze na Sydney Brenner, kwa sababu ni mtoto wa Afrika na wa mji wa migodi kama wetu. Alizaliwa mwaka 1927 Germiston, mji wa dhahabu karibu na Johannesburg. Baba yake alikuwa fundi viatu asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 1963, akiwa Cambridge huko Uingereza, Brenner alipendekeza kumchunguza mnyama mmoja mdogo sana mpaka ajulikane wote, asibaki na siri. Akamchagua mnyoo anayeitwa *Caenorhabditis elegans*, kwa kifupi *C. elegans*. Ana urefu wa milimita moja. Hakai tumboni mwa mtu, hasababishi ugonjwa. Chakula chake ni bakteria, na ukimtafuta utamkuta kwenye matunda yaliyooza na mboji. Mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, hivyo chini ya hadubini unaona seli zake zikigawanyika naye yu hai. Mzima wake, ambaye ni dume na jike kwa pamoja, ana seli za mwili 959, na 302 kati ya hizo ni za neva. Walizihesabu zote. Wakafuata kila moja tangu kwenye yai. Mwaka 2002 Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipewa Nobel kwa kazi iliyoanzia hapo.

Kwa mtu anayechunguza uzee, mnyoo huyu ana jambo moja lisilo na bei: anaishi wiki mbili hadi tatu tu. Anayechunguza uzee wa tembo atakufa yeye kwanza. Anayechunguza mnyoo huyu huona maisha yote, kutoka yai hadi kifo, kabla mwezi haujaisha.

Sasa nimfikie mwanasayansi niliyetaka kuwaeleza. Cynthia Kenyon, Mmarekani, alifanya kazi na Brenner kule Cambridge, kisha akafungua labo yake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Wakati ule wanabiolojia wengi waliamini nililoamini mimi, kwamba uzee ni kuchakaa tu na hakuna jeni la kutafuta. Dalili zilikuwepo. Michael Klass alikuwa ameshapata minyoo wachache walioishi zaidi mwaka 1983, na Tom Johnson akaendeleza kazi hiyo hadi jeni lililoitwa age-1, mwaka 1988. Lakini wengi hawakushtuka.

Mwaka 1993 Kenyon na wenzake walitangaza kwamba wamepata minyoo wenye badiliko katika jeni moja, daf-2, na minyoo hao wameishi zaidi ya mara mbili ya wenzao. Jeni moja kati ya takriban 20,000. Mimi nilisimama nikazunguka chumba niliposoma hapo. Kama uzee ni kutu tu, utaharibuje kipande kimoja cha mashine, na mashine ikadumu mara mbili?

Jeni la daf-2 linatengeneza kipokezi, yaani sikio la seli. Sikio hilo husikia homoni zinazosema: chakula kipo, kua, zaa. Ndani ya seli kuna protini nyingine, daf-16, na hiyo mimi naiita kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi. Homoni ikisema kwa nguvu, kapita anazuiwa nje ya kiini cha seli. Sauti ikipungua, kapita anaingia ndani na kuwaamsha wafanyakazi wengi: jeni za kukarabati protini zilizokunjamana, za kuzima sumu ya oksijeni, za kupigana na vijidudu. Na hili lilionekana tangu 1993: ukimwondoa kapita, badiliko la daf-2 halimpi mnyoo hata siku moja ya ziada.

Mwaka 1997 labo ya Gary Ruvkun, huko Boston, ilisoma herufi za daf-2 na kukuta ni ndugu wa vipokezi vya insulini na vya IGF-1 (homoni inayokuza mwili) vilivyo mwilini mwetu. (Ruvkun ndiye aliyepata Nobel ya 2024 pamoja na Victor Ambros, kwa kazi nyingine waliyoianza kwa mnyoo huyu huyu.) Baadaye wengine walijaribu kwa inzi wa matunda, wakaona hivyo hivyo. Wakajaribu kwa panya, wakaona hivyo hivyo.

Kwa hiyo jibu langu la gari lilikuwa pungufu. Kuchakaa kupo. Lakini nani anakarabati, kwa bidii gani, na mpaka lini, hilo limeandikwa katika jeni, na kila mnyama ana maandishi yake.

MamaOdette_Kamalondo

Mwalimu, asante kwa kazi hii. Ila mimi ni muuguzi, na kuna jambo linanitia wasiwasi. Kila juma ninapokea wagonjwa wa sukari. Wanaokosa insulini wanakonda mbele ya macho yangu, vidonda havifungi, miguu inakatwa. Wewe unasema ujumbe wa insulini ukipungua, mnyoo anaishi zaidi. Mgonjwa wangu akisoma hapa, si ataacha sindano? Fafanua, tafadhali.

MwalimuKatuba

Mama Odette, umefanya vizuri kunisimamisha, na nilipaswa kuliandika mimi mwenyewe. Mgonjwa wa sukari asiache dawa yake hata siku moja kwa sababu ya habari za mnyoo.

Minyoo wa Kenyon walipunguziwa ujumbe, hawakunyimwa. Jeni la daf-2 likiharibika kabisa, mnyoo hakui: ama anakufa mchanga, ama anakwama utotoni. Kisha mnyoo ana sikio moja la aina hiyo, linalofanya kazi ambazo sisi tumezigawa kwa masikio kadhaa, hili la insulini, lile la IGF-1. Mtu aliyekosa insulini, sukari inabaki kwenye damu na kumuunguza kutoka ndani. Hayo si maisha ya mnyoo wa daf-2.

Kuna watu wanaokaribia zaidi hali ile. Kusini mwa Ecuador kuna jamaa waliorithi hitilafu kwenye kipokezi cha homoni ya ukuaji, kwa hiyo IGF-1 yao iko chini sana na ni wafupi mno. Jaime Guevara-Aguirre na Valter Longo waliwafuata watu 99 wa namna hiyo kwa miaka 22, wakatoa matokeo mwaka 2011. Hakukuwa na mgonjwa wa sukari hata mmoja, na saratani ilikuwa moja tu, ambayo haikuua. Jamaa zao warefu, wa vijiji vile vile, walipata yote mawili. Ila wale wafupi hawakuishi miaka mingi kuliko wengine. Walikufa kwa ajali, pombe, degedege. Jeni haimkingi mtu na barabara mbaya.

Mwana_Ruashi

Mwalimu mimi nina shaka. Nimesoma kwamba huyo mnyoo akikosa chakula anaingia katika usingizi fulani na anaweza kukaa miezi. Labda hao wa Kenyon walikuwa wamelala tu. Kulala si kuishi.

MwalimuKatuba

Mdogo wangu, umegusa penyewe. Hali hiyo inaitwa dauer, neno la Kijerumani lenye maana ya kudumu, na herufi "daf" zimetoka humo. Mnyoo mchanga akikuta wenzake wamejaa na chakula hakuna, anafunga mdomo, hali kitu, anasubiri. Anaweza kusubiri miezi. Mvua ya chakula ikirudi, anaamka na kuendelea na maisha kana kwamba siku zile hazikuhesabiwa.

Lakini uamuzi huo unafanywa utotoni tu. Minyoo waliopimwa na Kenyon walikuwa wamekwisha kupita umri huo: watu wazima, wanakula, wanatembea. Na mwaka 2002 Andrew Dillin, akiwa katika labo ya Kenyon, alilimaliza suala hili kwa njia ninayoipenda sana. Aliwalisha minyoo bakteria waliobeba ujumbe wa kuzima daf-2, na akaanza kuwalisha wakiwa wazima tayari. Waliishi zaidi vile vile. Hawakuguswa utotoni hata kidogo.

Ninachokielewa mimi ni kwamba ule uwezo wa kuvumilia njaa, alioupata mnyoo kwa ajili ya nyakati mbaya, unaweza kuamshwa kidogo hata wakati wa shibe.

Papa_Njanja

Miye niko na myaka 74. Nilitumikaka ku njanja, ile ya treni, myaka mingi, leo magoti inaniluma usiku yote. Mjukuu njo alinisomea yote ile mwalimu aliandika, juu macho yangu haione tena muzuri. Niko na ulizo moja. Ile mnyoo, baliiongezea myaka ya nguvu, ao myaka ya kulala ku kitanda? Juu miye sitafute myaka mingine 70 ya kulumwa magoti.

MwalimuKatuba

Papa, shikamoo. Asante kwa kusoma, na mjukuu ashukuriwe.

Ulizo lako ndilo wanaloligombania mpaka leo. Mnyoo anazeeka kama sisi: mwendo unapungua, misuli inalegea, ngozi inakunjamana, mwisho anasogeza kichwa tu. Kenyon alisema alichokiona ni minyoo waliobaki vijana: siku ambayo wa kawaida wamelala wakisubiri kufa, wa daf-2 bado wanatembea. Hilo ni kweli, na labo nyingi zimeliona.

Mwaka 2015 kundi la Heidi Tissenbaum likapima kwa namna nyingine: wanatambaa kiasi gani, wanavumilia joto kiasi gani, siku kwa siku. Wakasema minyoo walioongezewa maisha wanapitisha sehemu kubwa zaidi ya maisha yao wakiwa dhaifu. Wengine wakapima tena wakapinga: daf-2 hatembei sana kwa sababu hana hamu, lakini ukimlazimisha ana nguvu. Mimi, kwa niliyoyasoma, naona miaka ya nguvu iliongezeka kweli, na ya udhaifu iliongezeka pia. Nasema hivyo kwako wazi kwa sababu uliuliza kwa uzito.

Hata watafiti wenyewe siku hizi wengi wameacha kuhesabu siku za kufa tu. Wanapima ni lini mnyama anashindwa kutembea, kula, kusikia. Wanatafuta unachokitafuta wewe.

Papa_Njanja

Nimesikia mwanangu. Umenijibu kama muntu mukubwa. Endelea.

MamaSifa

Samahani kuingilia. Mimi nilinunua vidonge sokoni kwa pesa nyingi, muuzaji akaniambia ni dawa ya kurudisha ujana, "wazungu waligundua kwenye jeni". Nimekunywa miezi miwili. Nipo vile vile. Je, ni dawa hiyo mnayoizungumzia?

MamaOdette_Kamalondo

Dada, acha kwanza, kisha ulete kopo kituoni tusome kilichomo. Usione aibu. Wengi wamenunua.

MwalimuKatuba

MamaSifa, pole sana. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzuia uzee kwa binadamu. Hakuna, si sokoni kwetu wala Ulaya. Nitakueleza viwili vinavyotajwa zaidi ili mtu asikudanganye tena.

Cha kwanza kinatokana na ngozi ya zabibu, kinaitwa resveratroli. Kilivuma kwa sababu ya jeni la hamira liitwalo Sir2, ambalo labo ya Leonard Guarente ilionyesha kuwa likiongezwa, hamira inadumu. Ikasemwa na mnyoo vile vile, na inzi vile vile. Mwaka 2011 watafiti wengine walirudia kwa uangalifu, wakilinganisha wanyama wenye asili moja kabisa, na sehemu kubwa ya faida kwa mnyoo na inzi ikapotea: ilikuwa imetoka kwenye tofauti nyingine za jeni zao, haikutoka kwenye Sir2. Resveratroli yenyewe ilipojaribiwa kwa panya wa kawaida wenye afya, haikuwaongezea maisha.

Cha pili ni dawa ya kweli, rapamaisini. Ilitoka kwa bakteria waliokuwa kwenye udongo uliochotwa kisiwa cha Rapa Nui mwaka 1964. Mwaka 2009 labo tatu za Marekani, zikifanya jaribio moja kwa pamoja, zilitangaza kwamba panya waliopewa dawa hiyo wakiwa wazee tayari, wa siku 600, waliishi zaidi: majike kwa asilimia 14, madume kwa asilimia 9. Niliposoma hapo nilifurahi, kisha nikasoma kazi yake hospitalini. Inapewa mtu aliyepandikizwa figo, ili kinga ya mwili isiikatae. Inapunguza kinga! Hapa kwetu penye malaria na kifua kikuu, nani atakunywa hiyo bila daktari?

Mulimaji_Kasenga

Mwalimu, miye nalima ku barabara ya Kasenga. Sijue mambo ya jeni, lakini najua fuko. Kila mwaka inakula mihogo na viazi vyangu chini ya udongo. Batoto banachimba, tunakula, nyama yake ni tamu. Baba yangu alisemaka fuko haizeeke, inakufa paka kwa jembe ao kwa nyoka. Ni kweli ao ni masemi ya bakubwa?

MwalimuKatuba

Mulimaji, umenifurahisha kuliko unavyodhani! Baba yako aliona kitu cha kweli, na kimeingia katika sayansi kikiwa na jina letu.

Fuko wa kwetu Katanga, yule mkubwa mwenye meno yaliyotokeza nje ya midomo na macho madogo kama mbegu, anaitwa *Fukomys mechowii*. Jina la Fukomys lilitolewa mwaka 2006, na limetoka kwenye neno hili hili, fuko, lugha zetu za Kibantu, likaungwa na neno la Kigiriki la panya. Anaishi kwa familia chini ya ardhi, na katika familia kwa kawaida mama mzazi ni mmoja. Wengine ni watoto wake waliokua wakabaki, wanachimba, wanabeba chakula, hawazai.

Mwaka huo huo wa 2006, Philip Dammann na Hynek Burda wa Ujerumani walitoa matokeo ya fuko wa Zambia, *Fukomys anselli*, waliowafuga kwa miaka mingi. Panya wa nyumbani anaishi miaka miwili, mitatu. Fuko hawa wengine walipita miaka 20. Na cha ajabu: wanaozaa waliishi karibu mara mbili ya ndugu zao wasiozaa. Damu moja, chakula kimoja, nyumba moja. Tofauti ilikuwa kupewa mwenza.

Kuna na binamu yake wa Kenya, Ethiopia na Somalia, fuko asiye na manyoya, anayepita miaka 30. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein alionyesha kwamba kwa mnyama huyo hatari ya kufa haipandi kadiri miaka inavyoongezeka, jambo ambalo kwa mamalia wengine hatujaliona. Alikuwa anafanya kazi katika Calico, kampuni inayochunguza uzee, mle mle alimohamia Cynthia Kenyon mwaka 2014. Waliomchunguza mnyoo na waliomchunguza fuko wamekutana nyumba moja.

MamaOdette_Kamalondo

Ngoja mwalimu. Nimesoma kwamba huyo huyo Kenyon aliua seli za uzazi za mnyoo, na mnyoo akaishi zaidi. Sasa fuko anayezaa ndiye anayeishi zaidi? Mmoja ananiambia uzazi unafupisha maisha, mwingine anasema unarefusha. Mimi nimezalisha wanawake miaka 19, nataka kujua nishike lipi.

MwalimuKatuba

Hapa ndipo nimekwama kwa siku tatu, kwa hiyo nitaandika polepole.

Maelezo ya zamani yanafahamika. Thomas Kirkwood aliyatoa mwaka 1977: mnyama ana nguvu zenye kipimo, akizitoa kwa uzazi, hazibaki za kukarabati mwili. Kama mshahara mmoja unaogawanywa kati ya ada ya shule na paa la nyumba. Ni mawazo mazuri na yanaeleza mengi.

Sasa tazama alichokifanya Kenyon na Honor Hsin mwaka 1999. Waliziua kwa mwale wa leza zile seli tu zitakazokuwa mayai na mbegu. Mnyoo akaishi takriban asilimia 60 zaidi. Mtu wa mshahara anasema: si nilisema? Lakini wakachukua wengine, wakaondoa kiungo chote cha uzazi, pamoja na seli za kukizunguka. Hao nao hawazai kabisa. Wao hawakupata siku hata moja! Kama ni kubana matumizi, wote wawili wangefaidika sawasawa. Kwa hiyo si mshahara. Ni mazungumzo: seli za mayai zinatuma ujumbe mmoja, seli zinazozizunguka zinatuma mwingine, na mwili unapima kati ya hizo sauti mbili.

Na nikifika kwa fuko, nasikia mazungumzo hayo hayo, ila mwisho wake ni mwingine. Fuko mzazi anakaa ndani kabisa mwa mashimo, analindwa. Mnyama ambaye maadui hawamfikii, asili ina muda wa kumtengenezea mwili wa kudumu. Na fuko waliofugwa Ujerumani hawakuwa na nyoka wala jembe, bado wazazi walidumu mara mbili. Basi tofauti iko ndani ya mwili, inawashwa na kuoana. Mnyama yule yule, jeni zile zile, amri tofauti.

Kuhusu wanawake unaowahudumia, Mama Odette, usishike lolote kati ya haya mawili. Kinachofupisha maisha ya mama wa kwetu unakijua kuliko mimi: kuzaa mfululizo bila kupumzika, damu kupotea, hospitali kuwa mbali. Hayo hayahitaji mnyoo.

MamaOdette_Kamalondo

Hapo nakubali kabisa.

Agro_mwaka3

Mimi nasoma kilimo. Ninaomba kuongeza samaki. Huko Zimbabwe na Msumbiji kuna samaki mdogo, *Nothobranchius furzeri*, anayeishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka anakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua nyingine. Anakua, anazaa na kuzeeka kwa miezi minne hadi sita, ingawa ana uti wa mgongo, moyo na ubongo kama sisi. Jenomu yake, yaani maandishi yote ya jeni zake, ilisomwa mwaka 2015, na sasa labo nyingi za Ulaya na Marekani zinamfuga kwa ajili ya uzee. Ndugu zake wapo kwetu: *Nothobranchius brieni* aliandikwa na Max Poll mwaka 1938, kutoka Bukama, kando ya Lualaba. Nilizaliwa Bukama. Nimecheza kwenye madimbwi hayo, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia.

MwalimuKatuba

Nimesoma ujumbe wako mara nyingi, Agro. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa na hadubini moja iliyofanya kazi, na tuliitazama kwa zamu. Brenner alihitaji mnyoo wa mboji. Fuko yuko chini ya shamba la Mulimaji. Samaki yuko Bukama. Inaniuma kwamba fuko wa hapa jirani, Zambia, ilibidi asafiri hadi Ujerumani ndipo tujue umri wake.

Mwana_Ruashi

Basi tufanye kitu hapa hapa. Bila labo, kiumbe gani kinawezekana?

MwalimuKatuba

Inzi wa matunda. Wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi mbivu. Thomas Hunt Morgan alianza nao New York kwa chupa za maziwa na ndizi, na mwaka 1910 akampata mwenye macho meupe. Wanaishi kama miezi miwili, kutoka yai hadi inzi ni siku kumi hivi kukiwa na joto la kutosha, na Lubumbashi yetu iliyo juu, kama mita 1,200, haiwachomi kwa joto. Chupa ya kioo, ndizi iliyopondwa, hamira kidogo, ile tunaita levire, na pamba ya kufunga mdomo.

Na kuna jaribio ambalo shule inaweza kulifanya. Michael Rose, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alifanya hivi tu: kizazi hadi kizazi, alichukua mayai ya inzi waliozeeka, akayatupa ya vijana. Anayekufa mapema haachi mtoto. Baada ya vizazi kadhaa, inzi wake waliishi zaidi kuliko wengine. Hakugusa jeni kwa mkono. Aliamua tu nani awe mzazi.

Kesho naanza. Chupa za "vijana" na chupa za "wazee". Nitahitaji watu wa kunikusanyia chupa safi.

Mulimaji_Kasenga

Ndizi nitaleta miye. Jumamosi nashuka na munzigo.

MwalimuKatuba

*Wiki tano baadaye.*

Narudi na habari za inzi wetu. Chupa za kwanza tatu ziliharibika kwa ukungu, kwa sababu ndizi ilikuwa na maji mengi. Tukapunguza, tukaongeza unga wa mahindi uliochemshwa, ukungu ukaisha. Sasa tuna chupa nane darasani, juu ya kabati, mbali na jua. Kila asubuhi kabla ya somo wanafunzi wanahesabu waliokufa na kuandika kwenye daftari. Mayai ya "wazee" ya kwanza tumeyachukua Jumatatu hii.

Daftari linashikwa na yule msichana wa mbwa. Mbwa wake alikufa juma la pili la jaribio. Alikuja siku hiyo akahesabu inzi kama kawaida. Nilimweleza kwamba hata kati ya mbwa, wadogo huishi zaidi kuliko wakubwa, na kwamba mwaka 2007 watafiti walikuta udogo wao mwingi unatokana na jeni la IGF-1, yaani ndugu wa habari ya mnyoo. Nikamwambia pia kwamba kati ya mbwa na bibi yake kuna tofauti za jeni nyingi sana, si moja. Aliyaandika yote mawili.

Leo ameniletea ulizo jipya: kwenye chupa, nani anakufa kwanza, dume au jike?

Agro_mwaka3

Mwambie awatenganishe siku wanapotoka, kabla hawajapandana. Dume ana kitako cheusi, na miguu ya mbele ina kitana kidogo. Naja Alhamisi mchana na kioo cha kukuzia.